"Imeguswa kidogo tu": gari ya raitofu ni gari gani khasa

Ukitafuta gari mkononi hapa Unguja kuna neno moja utalisikia mpaka ulichoke, nalo ni imeguswa. "Bosi hii gari safi, imeguswa kidogo tu hapa shavuni." Kuguswa kwa mdomo wa dalali ni kitu kipana sana, kinaanzia mkwaruzo wa vespa pale Darajani kinakwenda mpaka kwenye gari ilopinduka ikazoa mtaro mzima, zote hizo zimeguswa. Na dalali hasemi uongo ujue, kweli imeguswa, isipokuwa hakwambii imeguswa na nini.

Mwezi uliopita ami yangu anaekaa Wete kanipigia simu usiku, kapata Noah, anataka aivushe Pemba ipige ruti za Wete na Chake. Inauzwa milioni 13 na nusu wakati wenzake wa mwaka ule ule wanasimama kwenye 18. Kanitumia picha, gari inang'ara kama sahani ya harusi, na kwa vile muuzaji alikuwa na uungwana kidogo kampa na picha ya ile karatasi ya mnada wa Japani, imejaa maandishi ya Kijapani afu juu kwenye kona pana herufi moja peke yake, R. Ami kauliza hii R ni nini, kaambiwa ni "regista", yani gari ishasajiliwa. Nilicheka mpaka mke wangu akaamka.

R si regista. Ila kumueleza ami R ni nini ilinichukua saa nzima na bando lote, mana R inakaa jirani na raitofu (write-off ya Kiingereza, gari ambayo bima wameilipa yote badala ya kuitengeneza), na raitofu yenyewe wengi wetu tunaielewa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na hio raitofu. Mtu akisikia gari ni raitofu anaona kichwani gari ilokunjika kama kopo la soda. Si lazima iwe hivo. Raitofu si neno la fundi, ni neno la muhasibu. Gari ina bima kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe, imegongwa, bima wanaleta asesa wao, yani mkaguzi wa hasara, anaandika vipuri vyote vinavotakiwa na pesa ya ufundi, inatoka jumla. Hapo bima hawaulizi gari inatengenezeka au haitengenezeki, wanauliza inawalipa kuitengeneza au haiwalipi. Tuseme gari kabla ya ajali ilikuwa na thamani ya milioni 16 na matengenezo yamekuja 11. Mie na wewe tungesema tengeneza, si 11 ndogo kuliko 16? Lakini bima wanajua na kitu chengine, kwamba yale mabaki yalivyo, yamevunjika hivo hivo, kuna mtu atayachukua kwa 6. Wakikulipa 16 zako wakauza mabaki 6, gari imewatoka 10. Kutengeneza ni 11, na gari ikishafunguliwa gereji siku zote wanakuta jengine lililojificha nyuma ya lile la mwanzo, 11 inakuwa 13. Basi wanakulipa pesa yako yote, mabaki wanayachukua wao, gari inaandikwa imekufa.

Kwa hesabu hio utaona kwanini gari kuukuu inakufa kirahisi na mpya haifi. Kibampa, taa moja, boneti na eabegi mbili (ile mifuko ya hewa ya kukukinga) zilofyatuka, ukiziweka kwenye gari ya mwaka huu ni matengenezo ya kawaida, ukiziweka kwenye Vitz ya miaka 15 gari ishakwenda na maji. Eabegi khasa ndo muuaji mkubwa mana ikifyatuka haikunjwi ikarudishwa, unanunua mpya, unanunua na kompyuta yake au inafunguliwa upya, mikanda nayo ile ya kujikaza inakuwa ishatumika, dashibodi imepasuka. Kwa hio ipo gari bodi yake imeharibika kidogo tu na ni raitofu halali kabisa. Na kuna ile naipenda zaidi, gari imeibiwa, bima wamelipa, miezi mitatu baadae polisi wanaiokota kwenye maegesho haina hata mkwaruzo. Hio nayo ni raitofu, ishalipwa.

Na hapo ndo biashara yenyewe inapopita. Saa moja ya fundi wa bodi Uingereza au Japani ni zaidi ya siku nzima ya fundi wetu, tena yule wa kule hanyooshi, anatupa mlango anafunga mlango mpya. Wetu ananyoosha, anapaka puti, anapiga msasa, anapiga rangi, magharibi unaondoka nayo. Kwa hio gari ilokufa kule kwa hesabu za kule inafufuka huku kwa hesabu za huku, na hakuna mtu alofanya haramu yoyote hapo katikati. Haramu inaanza pale inapouzwa kwa bei ya gari isiyoguswa.

Waingereza wao wameipanga hii kitu kwa herufi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 zipo nne. A ni gari inasagwa yote, hata kioo cha pembeni hakitoki. B unaruhusiwa kuchomoa vipuri lakini bodi lazima isagwe, na ukiona gari ya B inatembea popote ujue kuna mtu kafanya ujambazi. S ni gari iloumia mifupa, yani chesisi au sehemu za bodi zinazobeba gari, lakini inatengenezeka na kurudi barabarani. N haikuumia mifupa. Sasa watu wakisikia N wanapumua, wanaona ni ya rangi rangi tu, na si hivo, N inaweza kuwa imeumia breki, steringi, au waya zote za umeme, mifupa tu ndo mizima. Kabla ya hapo walikuwa na C na D badala ya S na N, na zile zilikuwa zinapima pesa: matengenezo yamepita thamani ya gari au hayajapita. Wakaja kuona pesa haimwambii mnunuzi chochote kuhusu usalama, ndo wakageuza herufi zizungumzie mwili wa gari. Ukikuta Discovery au Freelander ilotoka Uingereza na mtu anakwambia "ni Cat D ya zamani, si mbaya", mwambie D haisemi kama chesisi ilipinda au haikupinda, inasema tu kulipwa kulikuwa na nafuu kuliko kutengeneza.

Kwa gari za Uingereza kuna jambo moja zuri, omba namba ya usajili ya kule, si hii ya Z ya hapa Zanzibar. Ukiwa nayo, rekodi ya ukaguzi wao wa kila mwaka, ule wanaouita MOT, unaiangalia bure kwenye tovuti ya serikali yao, utaona kilomita (wao wanaandika maili) mwaka hadi mwaka na kila kilichofelishwa, mpaka kutu ya chini. Ile herufi ya raitofu ndo unalipia kidogo kwenye zile tovuti za kuangalia historia. Herufi haifutiki hata gari itengenezwe na malaika.

Haya, R sasa. Japani kwenye minada gari inapewa daraja, 5, 4 na nusu, 4, 3 na nusu na kuendelea chini, na zile zilowahi kutengenezwa mifupa zinapewa R au RA. RA mara nyingi ni iloumia kidogo zaidi kuliko R, ila kila nyumba ya mnada na vipimo vyake. Neno lao wenyewe ni shufukureki, historia ya matengenezo, na lina maana finyu sana: wanaangalia chesisi, nguzo za milango, paneli za ndani za mbele, sakafu, sakafu ya buti, paa. Kimoja wapo kikiwa kimebadilishwa au kimenyooshwa, ni R. Lakini vitu vinavofungwa kwa bolti, milango, boneti, madigadi, bampa, hivo hata vibadilishwe vyote gari haiitwi R. Inaandikwa tu kwenye ule mchoro wa gari, XX kwenye kila kilichobadilishwa, W kwenye kilichonyooshwa na kupigwa rangi, U kibonyeo, A mkwaruzo, na namba pembeni kuonesha ukubwa.

Kwa hio ushaona kwanini ami alichanganyikiwa na mie nikachanganyikiwa kumueleza. R haisemi habari ya bima kabisa. Gari inaweza kuwa R na haikuwahi kuwa raitofu, mwenyewe kagonga nguzo kalipa kutoka mfukoni kaiuza. Na inaweza kuwa raitofu isiwe R, kama ile ya eabegi au ya wizi. Raitofu ni mwenye pesa kakata tamaa, R ni mifupa imeguswa. Mnunuzi wa Zanzibar anaejali maisha yake anatakiwa aulize la pili kwanza, la kwanza linamsaidia kwenye kukata bei.

Ila alama hizi zote hazijui kuogelea. Herufi ya Uingereza imebaki kwenye kompyuta ya Uingereza, karatasi ya mnada imebaki kwenye faili la aloagiza, gari ikishashuka Malindi ikapewa namba yake ya Z inaanza maisha mapya kama mtoto mchanga. Kadi za gari zote nilizowahi kushika mie zina jina la mwenyewe, rangi, namba ya injini, chesisi, mwaka, hakuna mstari unaosema hii ilishalipwa na bima mahali. Stika ya bima nayo inasema umelipia mwaka huu basi. Ukaguzi nao unaangalia breki, taa, matairi, moshi, hali ya leo, haumuulizi gari alipotoka.

Na hapo ndo penye kitu ambacho watu hawakifikirii. Sisi tunaogopa raitofu za nje, tunasema gari za Japani za R, za Uingereza za S, wakati angalau hizo kuna mahali zimeandikwa. Gari ilogongwa hapa hapa Unguja haiandikwi popote. Wengi wetu tunakata bima ndogo, ambayo inamlipa ulomgonga, yako unajijua mwenyewe. Gari ikila mnazi Tunguu saa sita usiku, mwenyewe anaita jamaa zake, wanaivuta, inakwenda kwa fundi, wiki tatu baadae iko kwenye status ya mtu "clean, AC full, haina tatizo". Hamna asesa, hamna karatasi, hamna aloitwa. Ile gari kule ingekuwa S bila ya mjadala, huku ni "imeguswa kidogo".

Zile chache zilizo na bima kubwa zikifa hapa, bima wanamlipa mwenyewe, wanachukua kadi na mabaki, mabaki yanauzwa kwa atakaetaja bei nzuri. Ukinunua mabaki ya namna hio, au ukinunua kwa alonunua, dai barua ya bima inayoonesha gari imetoka kwao kuja kwake, mana kadi ina jina la mtu wa mwanzo ambae kishalipwa na kishasahau, na siku unakwenda kubadilisha jina utamtafuta mtu kumbe kahamia Muscat.

Gari za maji nazipa nafasi yake mana hizo mie ndo naziogopa kuliko za kugongwa. Tarehe 16 Aprili 2024 Imarati ilinyeshewa mvua ambayo hawakuwahi kuirekodi tangu walipoanza kuweka kumbukumbu 1949, sehemu moja huko Al Ain ilipata karibu milimita 255 ndani ya siku moja, kila mtu aliona zile video za magari yanaelea Dubai. Gari zile hazikwenda mbinguni. Nyengine zimevunjwa vipuri, nyengine zimekaushwa, zimeoshwa, zimewekwa kapeti mpya, zimeuzwa, na Dubai si mbali na sisi kibiashara. Gari ya maji siku unayoinunua inawaka vizuri na AC inapiga. Kutu inakula ndani ya soketi za waya na ndani ya kompyuta pole pole, mwezi wa nne tangu uinunue taa za dashibodi zinaanza kuwaka kama mapambo ya Idi, mwezi wa sita dirisha halishuki, mwezi wa nane gari inazima Kiembe Samaki katikati ya njia na fundi wa umeme hajui aanzie wapi. Ikiwa yalikuwa maji ya chumvi usisubiri hata hio miezi.

Watoto wote wa chuoni tunaijua ile hadithi ya Mtume (SAW) kupita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikatoka na umaji, mwenyewe akajitetea eti mvua. Kaulizwa kwanini hukuiweka juu watu wakaiona. Gari ya maji ni rundo lile lile, na mkono wako unatakiwa uingie sehemu zile zile za chini: inua kapeti chini ya siti ya dereva, toa tairi ya spea upapase shimo lake, vuta mkanda mpaka mwisho wake kabisa uangalie kama una mstari wa rangi mbili, chungulia nyuma ya dashibodi kwa tochi. Unatafuta tope la vumbi laini pahala ambapo mtu hafagii. Sasa kwa sisi wa visiwani kuna utetezi mmoja unasikia sana, "kutu hio ni ya bahari tu, gari zote za hapa zina kutu". Ni kweli gari zote za hapa zina kutu. Lakini upepo wa bahari unakula gari kutoka nje, ncha za milango, chini ya madigadi, mabomba ya moshi. Bolti za siti ndani ya gari, chuma cha pedali, spring iliyo chini ya siti, hizo upepo haufiki kiasi hicho. Zikiwa nyekundu na dari la gari linanukia unyunyu mwingi kuliko bi harusi, wewe toka uende zako.

Tukaenda kuiangalia Noah ya ami, mie na fundi wa bodi wa Jang'ombe ambae tumekua pamoja, asubuhi, mana usiende kuangalia rangi ya gari jioni wala ikiwa imetoka kuoshwa. Gari ndogo nyingi za siku hizi, Noah, IST, Vitz, Passo, hazina chesisi ya peke yake kama lori, bodi yenyewe ndo chesisi. Zile mbao mbili za chuma zinazokwenda mbele kushika injini zimetengenezwa zikunjike kwa mpangilio maalum, zile kwanza zinakunjika, ndo zinakula nguvu ya kishindo isifike kwenye magoti yako. Ukizinyoosha kwa moto wa gesi unakuwa umezivuruga, chuma kile kinapata nguvu yake kiwandani na moto unaiondoa, kwa macho imenyooka ila siku ya pili ikigongwa haikunjiki pale ilipopangiwa. Ndo mana nasema unachonunua kwenye gari ya namna hii si gari, ni mkono wa fundi usiemjua.

Fundi wetu hakuangalia rangi kwanza. Kachukua futi ya kupimia. Kapima kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati la nyuma, kulia, akaenda kushoto, matairi yakiwa yamenyooka, zikitofautiana sentimita nzima kuna neno. Zilikuwa sawa. Kalala chini ya gari kapima msalaba, tundu la mbele kulia na la nyuma kushoto, afu kinyume chake, sawa pia. Kafungua boneti kaangalia zile nukta za kuchomelea za kiwandani, zinakwenda kwa mstari na nafasi moja kama mshono wa cherehani. Upande wa kulia paneli ya ndani nukta hazikuwa za kiwanda lakini zilikuwa nzuri, na gundi ya kuziba imepita safi. Karatasi ilisema hivo hivo, XX kwenye boneti, XX digadi la mbele kulia, W2 mlango wa mbele, na paneli ya ndani ndo iloipatia ile R. Fundi akasema hii imetengenezwa huko huko Japani na mtu aliekuwa hana haraka. Tarehe zilizo kwenye vioo zikaangaliwa, vyote mwaka mmoja isipokuwa cha mlango ule ule wa W. Kila kitu kinakubaliana na karatasi. Na karatasi nilikuwa nishaihakiki kwa namba ya chesisi kwenye moja ya zile tovuti zinazouza nakala, mana karatasi za mnada zinaghushiwa ovyo, R inafutwa inawekwa 4, kilomita laki na sitini zinakuwa elfu sitini.

Ami akaanza kutabasamu. Fundi akaenda nyuma.

Kaweka sumaku (kile kisumaku cha friji, kimefungwa kitambaa) chini ya kioo cha nyuma, haikushika. Kaishusha, haikushika. Kaweka mlango wa pembeni, imeshika pa. Usitumie sumaku kama hujui gari, kuna boneti za aluminiamu na mashavu ya plastiki ambayo hayashiki hata yakiwa mapya, lakini mlango wa nyuma wa Noah ile ni chuma na ulikuwa na puti nene kama chapati ya kusukuma. Kainua kapeti ya nyuma, sakafu imepakwa rangi nyeusi ya lami bado inanukia, chini yake mshono wa kuchomelea wa mkono, vinundu vinundu. Na karatasi ya Japani nyuma haina hata A1.

Muuzaji akakaa kimya, afu akasema "a, hio iliguswa kidogo hapa hapa, njia ya Fuoni, lori lilirudi nyuma".

Kwa hio ile R tulokuwa tunaiogopa usiku kucha ilikuwa haina shida. Mbovu ilikuwa ile isiyo na herufi.

Kabla sijasahau, eabegi. Washa swichi bila ya kuwasha injini, taa nyekundu ya kijitu kilichokaa na mpira mbele yake lazima iwake sekunde chache afu izime. Ikibaki inawaka kuna kosa. Isipowaka kabisa, hio ndo mbaya zaidi, mana kuna mtu kachomoa taa, na kuna wajanja zaidi wanaiunga na taa nyengine ziwake na kuzima pamoja, kwa hio angalia kama inazima peke yake kwa wakati wake. Nshaona kifuniko cha steringi kimegundishwa kwa gundi na ndani yake mna kitambaa. Na hata ukiambiwa "tumeweka eabegi nyengine, ya mtumba" uliza imetoka gari gani. Kuna zile za Takata, kampuni ilofilisika 2017 baada ya eabegi zake kurejeshwa kwa mamilioni duniani kote kutoka Toyota, Honda, Nissan na wengine, baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na ikifyatuka inarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, yani hapa kwetu. Ukiangalia namba ya chesisi yako kwenye tovuti ya kiwanda itakwambia habari ya eabegi ilozaliwa na gari, ya mtumba haiijui.

Bei sasa. Mie siamini kwamba gari ya raitofu au R isinunuliwe, mwenyewe naendesha IST ya R mwaka wa sita huu. Ila uhesabu na siku ya kuuza. Ukiinunua kwa punguzo la milioni moja utaiuza kwa punguzo la tatu, mana atakaekuja kununua kwako nae ana fundi wake na sumaku yake. Na ukitaka kuikatia bima kubwa usifiche kwenye fomu. Wakikuuliza iliwahi kupata ajali kubwa ukaandika hapana, siku ya klemu asesa anainua kapeti ile ile alonyanyua fundi wangu, na bima wana haki ya kukwambia ulitudanganya. Hata wasipokataa, wanalipa thamani ya gari yako ilivyokuwa siku ya ajali, na thamani ya gari yenye mshono si ya gari isiyo na mshono, hata kama wewe ulilipia bima ya milioni 18 mwaka mzima.

Ami hakuiacha ile Noah, na mie sikumzuia. Fundi alipiga hesabu ya kukata sakafu ya nyuma na kuichomelea upya, mlango wa nyuma wa mtumba, na rangi. Tukarudi kwa muuzaji na hesabu imeandikwa kwenye kikaratasi, tukakaa kibarazani kuanzia adhuhuri mpaka laasiri, akatoka kwenye 13 na nusu akafika 10 na laki nane. Nikamwambia aandike kwenye mkataba, kwa mkono wake, gari imetengenezwa mbele kulia Japani na nyuma hapa. Aliandika "imeguswa mbele na nyuma". Nikamwambia futa imeguswa, andika imegongwa. Akaniangalia weee, akafuta.

Gari imevuka kwa Sealink wiki mbili zilizopita. Ami kanipigia juzi, ruti inakwenda, abiria wapo, ila mlango wa nyuma ukitaka ufunge lazima uubamize mara mbili na utingo bado hajauzoea.